Mwalimu Rahima Akienda, Nurdini Atabaki kwa Nani?

Mwalimu Rahima wa Mnyambe hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo lisemwe mapema, maana wengi waliokimbilia Arabuni miaka ile walikuwa wamechoshwa na kwao. Yeye hakuchoka. Alilipenda darasa lake la tano, aliipenda nyumba yao iliyojengwa uani kwa mama yake, na alimpenda mumewe Nurdini, fundi wa mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho. Tangu biashara ya korosho ifunguliwe na wanunuzi binafsi waanze kumiminika, kila mwenye shamba alitaka kupulizia, na kila mashine ilitaka fundi. Walikula wakashiba. Ila mshahara wa ualimu ulikuwa wa kuchekesha, na Rahima, kama walimu wenzake, aliuza maandazi saa ya mapumziko kwa wanafunzi wale wale aliotoka kuwachapa.

Ndipo Isabela, aliyesoma naye chuo cha ualimu, akampa habari kutoka Maskati. Shule aliyofundisha yeye ilikuwa ikitafuta mwalimu wa hesabu. Mshahara mnono, nyumba ya kuishi bure, na mwalimu ruhusa kwenda na mwenzi wake na watoto. Rahima akapanda basi hadi Dar es Salaam kwa usaili, akarudi amepata.

Alimwambia Nurdini jioni ile ile, wakibangua korosho za kula. Nurdini akacheka.

"Mama Esha, mimi nilishakufuata mara moja. Nilitoka Lukuledi kwenye mto, nikaja huku kwenu ambako maji yanapandishwa kutoka bondeni. Hiyo Maskati angalau ina bahari."

"Bahari ya chumvi hiyo."

"Kwani nani kasema nitainywa?"

Wakacheka wote, wakaona mambo yamekwisha. Kumbe hayajaanza. Kwao, mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na watoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye sauti juu yao ni mjomba. Na mjomba Swalehe, kaka yake Bi Bimdogo mama yake Rahima, hakuambiwa neno. Habari aliipata sokoni Newala kutoka kwa muuza mitumba. Yeye, mkubwa wa ukoo, anasimuliwa mambo ya nyumbani kwake huku anachagua suruali! Alinuna, kisha akaja Mnyambe.

Walikaa barazani, mjomba kwenye kiti, Bi Bimdogo na Rahima mkekani. Nurdini alikaa mbali kidogo, amegeuza ubavu, kama mkwe mwenye adabu anavyokaa mbele ya mama mkwe wake. Rahima akampa mjomba shikamoo, na marahaba ikatoka kwa shida.

"Mwanangu," alianza mjomba, "mambo yako nimeyasikia kwa watu wa mitumba. Haya. Kazi ni kazi, nenda. Watoto ni wetu, tutakaa nao. Na mkwe wetu huyu hana ubaya, ni mchapa kazi. Lakini mkwe ni mkwe kwa sababu mke yupo. Mke akiondoka, yeye anakaa hapa kama nani? Arudi kwao Lukuledi. Siku ukirudi, tutamwita."

Aliyasema bila chuki yoyote, na hapo ndipo palipouma. Nurdini aliinamia vidole vyake vyeusi vya grisi. Mikorosho yote ya pale alikuwa ameipalilia yeye, lakini katika kikao cha ukoo ule hakuwa na la kusema. Rahima akaona wazi kwamba naye akinyamaza, kesho mumewe atafunga spana zake na kuondoka kwa heshima, bila ugomvi. Mwanamke huyu aliyepayuka darasani kutwa nzima hakuwahi kumpinga mjomba wake hata mara moja.

"Mjomba, naomba radhi," alisema. "Kukuruka nimekosa, ilinipasa nije kwako kwanza. Lakini kwenda peke yangu siendi. Na mkimrudisha Baba Esha kwao, mimi na wanangu tutamfuata huko huko Lukuledi."

Bi Bimdogo akashtuka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Umfuate? Mwanangu mimi akaishi kwa wakwe, na mimi ni mzima?"

"Nitafanyaje, Mama?"

Mama akatafakari, akivuta nyuzi za mkeka. Kisha akauliza, "Hiyo nyumba ya Maskati anapewa nani?"

"Napewa mimi."

"Kwa hiyo mumeo atakuwa amekufuata wewe?"

"Ndiyo, Mama. Kama alivyonifuata hapa."

Bi Bimdogo akamgeukia kaka yake. "Sasa kosa liko wapi? Mume kamfuata mke. Si ndiyo desturi yetu hiyo? Wewe mwenyewe ulimfuata mkeo Mwanakombo, ukahama na kuku wako."

Mabega ya mjomba Swalehe yakaanza kutikisika, na mwisho kicheko kikamshinda. Alitoa masharti mawili tu, naye alijua hayatapingwa: Nurdini apulizie kwanza mikorosho ya mama mkwe msimu huu, na binti yao Esha akikaribia kuvunja ungo arudishwe achezwe unyago nyumbani. Wakakubaliana. Bi Bimdogo akainuka haraka kwenda kukaanga samaki, akisema moshi unamuumiza macho, na moto ulikuwa bado haujawashwa.

Rahima aliingia ndani kumtafuta Esha ampe habari. Alimkuta amekaa kitandani, na kando yake nguo zimefungwa ndani ya kanga, fundo limekazwa kwa nguvu zake zote.

"Unakwenda wapi na furushi?"

"Nilimsikia babu Swalehe," alisema Esha. "Alisema Baba arudi Lukuledi. Nikaona nisimwache aende peke yake."

Rahima akakaa kitandani, akamkumbatia mwanawe, akalia kwa sauti mpaka Nurdini akachungulia mlangoni kuuliza kulikoni.

"Njoo uone," Rahima alimwambia. "Kuna mtu alishajifungasha akufuate."