Mama Taipu na Mazishi ya Mbali

Mtaa mzima walimwita Mama Taipu, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina hilo lilimganda tangu alipokuwa mpiga chapa katika ofisi ya ghala la nafaka, enzi za mashine za chuma zilizolia ting! kila mstari ulipofika mwisho. Mashine zile zilipotupwa, wenzake wengi waliondoka nazo. Yeye alibaki, akajifunza kompyuta, akastaafu na mgongo uliopinda kidogo na vidole visivyohitaji macho. Baada ya hapo akawa anachapa nyumbani: mikataba ya pango, barua za kuomba kazi, ripoti za wanachuo wasiojua koma inakaa wapi.

Aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba vitatu, na kila chombo mle ndani kilikuwa kimevaa nguo. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, televisheni chake, friji nalo limepigwa kilemba. Mama Taipu hakuweza kuona kitu kimekaa uchi. Wageni walimtania kwamba wakichelewa kuaga, watafumiwa na wao.

Alikuwa na kaka mmoja tu, fundi wa majokofu ya meli, aliyekwenda nchi ya mbali tangu ujana, akaoa huko huko, akajenga huko huko. Siku simu ilipokuja kwamba kaka ameanguka kazini na hakuinuka tena, Mama Taipu alikuwa katikati ya mkataba wa mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya." Akarudi kwenye kiti, akamalizia aya iliyobaki, akaweka nukta. Ndipo akainuka kwenda kumwambia mama.

Tangu hapo akawa kama mtu aliyeulalia mkono wake. Mkono unauona ni wako, unaushika, lakini haukuitikii. Mama alilia, majirani wakalia, yeye akapanga viti. Jirani wa mbele, mwanamke asiyejua kunong'ona, alimwambia mwenzake karibu na mlango, "Mwangalie. Hata chozi la kusingizia hana." Mama Taipu alisikia vizuri sana. Akampitishia kikombe cha chai, akamuuliza kama sukari inatosha.

Kisha mke wa marehemu akapiga simu. "Wifi yangu, vibali vya kumleta huko ni safari ndefu, na wakubwa wa huku hawangoji. Tutamzika hapa kesho mchana. Lakini hatutawaacha gizani. Wenzake wa kazini wataweka kamera, mtaona kila kitu kwa intaneti."

Mama aliposimuliwa, alijipangusa kwa ncha ya kanga. Halafu akasema, "Nataka nimwone anavyoingia kaburini. Miaka yote hii yeye kwangu ni sauti ya simu tu. Nisipomwona anaingia, mimi nitaendelea kungoja simu yake mpaka nife."

"Utamwona, mama," Mama Taipu akasema.

Ahadi ilikuwa imeshatoka. Sasa, simu yake mwenyewe ilikuwa ya vibonyezo. Walijaribu kumwonyesha mama picha kwenye simu ya jirani, lakini macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. "Naona sisimizi wanatembea," alisema. Kilichobaki ni kompyuta ya mapajani, maana kioo chake kilikuwa kipana kama sinia, na mama akiinamia karibu aliweza kuitambua sura ya mtu.

Kompyuta hiyo ililetwa na huyo huyo kaka mara ya mwisho alipokuja likizo. Haikuwa na Windows kama za watu wengine. Aliitoa akaweka mfumo mwingine uitwao Linux, akajigamba, "Dada, hii haishikwi na virusi. Ikiharibika, ujue umeiharibu kwa mkono wako." Wakati ule ilikuwa ikishika mtandao bila waya, wakatazama pamoja picha za nyumba yake. Alipoondoka, Mama Taipu hakuuhitaji tena mtandao. Kazi zake alizipeleka kuchapishwa dukani kwa flashi. Sasa mpangaji wa nyumba ya pili, mwenye kile kiboksi cha intaneti, aliwapa neno lake la siri kwa moyo mmoja. Lakini kompyuta haikuonyesha hata mtandao mmoja wa kuuandikia neno hilo.

Akaibeba mpaka kwa fundi wa simu wa pale kona. Fundi aliiwasha, akakunja uso kama aliyepewa dawa chungu.

"Mama, hii siyo Windows."

"Ni Linux."

"Ala! Ndiyo maana. Hii ya wabishi. Niachie niifute yote, niweke Windows safi, mtandao utashika wenyewe."

"Usifute."

"Kuna kitu humo?"

Mama Taipu akatafuta sababu, asiipate. Kazi zake zote zilikuwa kwenye flashi. "Usifute tu," akasema, akaichukua, akarudi nayo nyumbani.

Bahati nzuri jioni ile alikuja msibani binamu yake, mtoto wa mama mdogo, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Hawa wawili walikuwa watu wa kutaniana tangu utoto. Alipowekewa mashine mbele yake, alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akagonga maneno mawili matatu, akaguna.

"Kosa ni langu. Unakumbuka ilipoganda mwaka jana nikaiwekea Linux upya? Kadi yako ya mtandao ni ya zile zenye maringo. Haiamki mpaka ipewe kiprogramu chake yenyewe. Sikukiweka."

"Kwa nini?"

"Uliniambia unataka kuchapa. Hukuniambia unataka kuongea na dunia."

"Na hicho kiprogramu kiko wapi?"

"Kwenye intaneti."

"Yaani ili ipate intaneti, inahitaji intaneti?"

"Ndivyo ilivyo, dada. Kama kuniomba mimi mkopo, mpaka kwanza unikopeshe." Jirani wa mbele akacheka, akakumbuka alipo, akaziba mdomo.

Binamu akatoa simu yake, akaiunganisha na kompyuta kwa waya, akaeleza kwamba sasa mashine inanyonya intaneti ya simu kama kwa mrija. Kiprogramu kikaanza kushuka polepole. Mama Taipu aliketi kando, mikono haina kazi, na mikono isiyo na kazi ilimtisha kuliko kitu chochote siku ile. Kitambaa cha zamani cha kompyuta kilikuwa kimepauka na kulegea. Kesho watu watajaa, watakiona. Akachukua sindano na sufu ya kijani, akaanza kufuma kingine. Alifuma huku watu wakiimba, alifuma huku mama akilia. Pindoni akapitisha lastiki ili kikae sawasawa, kibane kama soksi. Alipokata uzi, binamu naye alikuwa anaizima mashine na kuiwasha upya.

Mitandao ikajipanga kwenye kioo, wa mpangaji ukiwa juu kabisa. Binamu akaandika neno la siri, ikakubali. Mama aliwekewa picha moja ya zamani, akainama, akasema, "Huyo." Basi ikawa imekwisha. Binamu akaaga, maana kesho yake alikuwa na mtihani wa kusimamia. Mama Taipu akaizima kompyuta, akaivalisha kitambaa kipya, akakinyoosha kila upande.

Kesho yake, watu wamekwisha keti na mama amewekwa kiti cha mbele, Mama Taipu akaivua kompyuta kitambaa na kuiwasha. Alama ya mtandao ilikuwa na msalaba juu yake. Akaizima, akaiwasha. Msalaba ule ule. Mwanamume mmoja alitoa simu yake na waya wake ili wafanye kama binamu alivyofanya, lakini waya wake ulijua kuchaji tu, mtandao haukupita. Mama akauliza, "Tayari?" Mama Taipu akajibu, "Bado kidogo," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwajibia wenye mikataba yao.

Akampigia binamu. "Imekufa tena."

"Nimesimama mlangoni, dada, wanafunzi wameshaingia. Fungua dirisha jeusi upesi. Andika rfkill, herufi ndogo zote, acha nafasi, andika list. Inasemaje?"

Vidole vyake viliandika kabla binamu hajamaliza kutamka. "Inasema mstari mmoja no. Wa chini yake yes."

"Wa chini ndio hard, yaani wa kufungwa kwa mkono?"

"Ndio hard."

"Basi Linux haina kosa, na kadi haina kosa. Imefungwa kwa swichi, swichi ya mkono. Iko mahali kwenye ukingo wa mashine. Mtu ameigusa."

"Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imefunikwa."

"Tafuta, dada. Wananiita." Simu ikakatika.

Akaipapasa pande zote. Kushoto, matundu. Kulia, matundu. Nyuma, mahali pa umeme. Alipopitisha kidole ukingo wa mbele, kikanasa uzi. Uzi wa sufu ya kijani, mfupi, ukichungulia kutoka kwenye kijimfereji. Akauvuta, na hapo chini yake akakiona kiswichi cheusi juu ya plastiki nyeusi, chembamba kama ukucha, cha kusukuma huku na huku. Lastiki yake ilikuwa imekiburuta upande wa kuzima alipokuwa akikinyoosha kitambaa kikae vizuri. Mkono wake mwenyewe.

Akakisukuma. Kitaa kidogo kikawaka, msalaba ukaondoka, na ile alama ikajichora kama upepeo uliofunguliwa.

"Kumbe umeifumia nguo mpaka ikakosa pumzi!" jirani wa mbele akasema, na chumba kizima kikacheka, hata mama, kicheko kile cha msibani kinachotoka na kamasi. Mama Taipu alijua ni jambo la kuchekesha. Alilitazama tu likipita.

Picha ikaja. Kwanza viatu vya watu, halafu mbingu ya kijivu, halafu mke wa marehemu katika nguo nyeusi. "Wifi, mnatuona?"

"Tunawaona."

"Mama yupo?"

"Yupo hapa mbele."

Picha iliganda, ikaendelea, ikaganda. Mama Taipu akaketi ubavuni mwa meza, kidole chake kimoja kikiwa juu ya kile kiswichi, kama anayezuia mlango usifungwe na upepo. Macho yake yalikuwa pembeni mwa kioo, kwenye alama ya mtandao. Mikunjo mitatu. Miwili. Akamwambia mwanamume aliyesimama dirishani asogee. Mitatu. Nyuma yake wanawake waliangua kilio, akajua wamefika mahali penyewe. Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kiganja juu yake.

"Anaingia," mama akasema.

"Anaingia, mama." Mmoja. Miwili.

"Wanamshusha polepole. Hawamtupi."

"Hawamtupi."

Mama alikaa vile mpaka watu wa kule walipoanza kuondoka mmoja mmoja na mtu akaja kuishika kamera. Kisha akajiegemeza nyuma, akashusha pumzi ndefu, mikono akailaza mapajani. "Ameingia," akasema tena, safari hii kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza kwamba mtoto amefika salama alikotumwa. Akaomba maji ya kunywa. Ilikuwa mara ya kwanza kuomba kitu tangu simu ile ije.

Wanawake walipokuwa wakikusanya vikombe, mama akamgeukia. "Udongo wa kule ni mwekundu. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Na yale maua meupe?"

"Nimeyaona."

Hakuwa ameona udongo, wala maua, wala sanduku. Watu wakaaga, akawaitikia mmoja mmoja kutoka pale alipokaa. Kule mbali mtu alikuwa ameshaizima kamera, na kompyuta ikangoja kidogo, ikajififisha mwanga yenyewe, kioo kikawa cheusi. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kiswichi. Jirani wa mbele akapita na sinia la vyombo, akasimama, kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kwisha. Achilia sasa."

"Nakuja," Mama Taipu akasema, asiondoe kidole.