Jeshi la Magunzi Uani kwa Bibi Nyamizi

Enzi zetu jeshi halikukaa kwenye simu. Lilikaa uani kwa Bibi Nyamizi, kambi ya juu, shamba la mkonge upande wa Magoma, na ukilikanyaga kwa bahati mbaya unachomwa nyayo, halafu unachapwa na mkuu wake, Kondo. Wenzangu mliokulia kambi za manamba, vibarua wa mkonge, mnanielewa. Nyie mliokulia na chaja mkononi, sogeeni niwaeleze.

Aliyenikumbusha haya ni mjukuu wangu Zawadi. Amemaliza kidato cha sita, anasubiri majibu, na kusubiri kwenyewe ni kulala kifudifudi kwenye mkeka wangu hapa Korogwe, vidole gumba vinacheza ngoma juu ya simu. Nikadhani anachati na mchumba. Kumbe ana vita. Kwenye kundi lao wanashindana: kila mmoja apange kwenye gemu jeshi la ile vita ya Mjerumani na Mwingereza iliyopita nchini kwetu, alipange kama lilivyokuwa kweli, na Jumapili wapige kura. Mpinzani wake mkubwa ni Kelvin, kijana wa Handeni, ambaye kwa maneno ya Zawadi "anajiona kama alikuwepo."

"Bibi, hebu ione kampuni yangu. Askari hawa hapa, bombom hii, bunduki ya kumimina risasi, Wazungu nyuma. Safu zote sahihi, nimesoma."

Nikavaa miwani. Walipendeza kweli. Viatu vinang'aa kama wanakwenda harusini. Nyuma yao kulikuwa na mikokoteni minne inayovutwa na ng'ombe wanono.

"Hawa ng'ombe wanakwenda wapi?"

"Wanabeba chakula na risasi, Bibi. Kutoka hapa Korogwe kwenda Handeni."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Kosa hilohilo nilikwishaliona kwa macho yangu, na aliyelifanya alikuwa amevaa kaptula iliyotoboka makalio yote mawili.

Aliitwa Leonadi, mtoto wa Kibena. Baba yake alikuwa kwenye korona, na simaanishi ule ugonjwa, nasema mashine ya kusinga mkonge, iliyonguruma toka king'ora cha alfajiri mpaka tukaacha kuisikia. Leonadi ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi la kambi ya chini. Jeshi letu la kambi ya juu mkuu wake alikuwa Kondo, Mzigua, mwembamba kama fito, mdomo mpana kama karai. Askari tuliwapata bure: vitoto vya mkonge vinavyoanguka kutoka kwenye milingoti yake, vile vyenye majani madogo. Unavichomeka ardhini kwa safu, vinasimama wima kuliko mgambo. Wazungu walikuwa vizibo vya soda. Bombom ilikuwa kipande cha bomba la baiskeli, na ililindwa kuliko mtoto mchanga.

Mwamuzi alikuwa Bibi Nyamizi, Mnyamwezi, mjane, aliyekaa chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Vita ile aliipita kwa miguu yake, mtoto mdogo nyuma ya mama yake aliyebeba mizigo ya jeshi. Kwa hiyo Jumapili mashine ikinyamaza, majeshi mawili yanapangwa uani kwake, yeye anatoka na kigoda na bakuli la mhogo wa kuchemsha, anakagua. Jeshi linalofanana na la kweli linashinda. Mkuu wake anatawala watoto wa kambi zote mbili wiki nzima, na yeye ndiye wa kwanza kuteleza kwenye lundo la makapi ya mkonge. Makapi yale yalinuka, yaliwasha, na mama alikuwa akisema, "Ukirudi unawashwa, usije kujikuna kwangu." Tulikwenda hivyohivyo.

Mimi nilitaka ule ukuu mpaka ukanikosesha usingizi. Kondo akanipa kazi ya kufagia.

"Mwanamke gani anapanga jeshi?" akasema. "Fagia hapo, Mwanaidi, na usivuke mstari."

Nikafagia. Lakini machozi yalinitoka, nikaona kuliko kukaa bure nikaokote magunzi jikoni kwa mama. Kila gunzi nikalifunga mbegu ya nyonyo kwa uzi wa mkonge, kama mtu mwenye mzigo kichwani, nikayapanga kwa kuachana hatua kadhaa nyuma ya jeshi la Kondo. Sikujua historia yoyote. Nilikuwa nimeona tu baba anavyohama kambi: mwenye cheo anatangulia mikono mitupu, na nyuma yake wanafuata wenye vitanda, sufuria na kuku. Safu yangu ikatoka uani, ikapita bomba la maji, ikafika karibu na choo.

Kondo alipoiona alitaka kuipiga teke. "Umeniaibisha! Jeshi gani lina mkia?"

Bibi Nyamizi akawa ameshatoka. Akaanza kwa Leonadi, aliyekuwa anatabasamu peke yake, maana wiki ile alikuwa na kitu kipya: kopo la samaki aliloliokota jalalani, limefanywa mkokoteni, linavutwa na madundu, wadudu wawili wakubwa weusi. Bibi Nyamizi akawabinua kwa kidole, mmoja mmoja, miguu juu.

"Wamekufa hawa."

"Wamekufa na nini, Bibi?" Leonadi karibu alie.

"Mbung'o. Nyika ile yote ilikuwa mbung'o. Ng'ombe, punda, farasi wa Mzungu, wote walianguka njiani. Askari wako watakula nini sasa? Kopo?"

Tukacheka sana, na Kondo ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa. Halafu Bibi Nyamizi akageuka, akaona mkia wa magunzi. Akaufuata taratibu mpaka mwisho, akarudi, akachuchumaa kwenye gunzi la kwanza.

"Huyu ni mama yangu, Kalunde," akasema.

Akaenda kwa la pili, akalitaja. La tatu, akalitaja. Yakafika kumi na moja. La kumi na mbili, la mwisho, lilikuwa dogo, nilikosa mbegu ya kulifunga. Akalishika, akalirudisha, hakulitaja.

"Anayeweza kunirudishia majina haya ndiye mkuu wa jeshi," akatuambia. "Ukikosa moja, anza upya."

Leonadi alifika jina la tatu. Kondo la tano, na la tano lenyewe alilibuni. Mimi shule niliiacha darasa la pili, hesabu zilinishinda mapema, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Kalunde, Mahona, Feruzi, Sumuni, Tausi, Kitwana, Kasongo, Mwanne, Pazi, Mabruki, Songoro. Wiki ile niliteleza wa kwanza kwenye makapi, nikawashwa wa kwanza, nikachapwa wa kwanza. Sijapata cheo kitamu kama kile.

Kondo, mnasema mnataka kujua? Alikuja kunioa. Nikamzalia watoto sita, na mpaka tunamzika alikuwa anadai magunzi yalikuwa ya upande wake.

Basi nikamwambia Zawadi, "Mke mwenzangu, ng'ombe wako wamekufa. Leo Handeni ng'ombe wa Wamasai wamejaa mpaka barabarani, lakini zama zile hapakupitika na mnyama. Weka watu."

"Gemu haina wapagazi, Bibi."

"Kwa hiyo waliotengeneza gemu wanadhani unga ulitembea wenyewe?"

Akaguna. Akatafuta, akapata wanakijiji wasio na silaha, akawapanga mstari mrefu nyuma ya askari. Kumbe gemu yenyewe inakuruhusu kumpa kila mtu jina. Nikamtajia, akaandika. Kelvin, ambaye naye alipanga mikokoteni ya ng'ombe, alipoliona jeshi lile akatuma ujumbe wa kumcheka: "Hilo jeshi au foleni ya maji?" Zawadi akamjibu, "Wa kwako wamekufa njaa toka Jumatatu." Kura zilipopigwa Kelvin akashinda na ng'ombe wake wanono. Wenzao walipenda viatu vinavyong'aa.

Zawadi akakasirika, lakini jeshi hakulifuta. Jioni akaniuliza, "Bibi, huyu wa kumi na mbili mdogo, asiye na mzigo, nimwite nani?"

"Nyamizi," nikamwambia.

Sisi mvua ikinyesha jeshi lote linakwenda na maji, tunabaki na majina kichwani. Hawa wa leo simu inawatunzia kila kitu, na namba ya mama yao hawaijui. Ndiyo maana asubuhi, alipokuja kuniamkia, niliipokea shikamoo yake, nikaichukua na simu, nikaitia chini ya mto.

"Haya, nirudishie."

Akatazama dari. "Kalunde, Mahona, Feruzi, Sumuni, Tausi, Kitwana..." Akakwama. "Bibi jamani, si yameandikwa humo!"

"Anza upya," nikamwambia, nikaukalia mto.