Tulivyoingia Kisiwani kwa Shangazi Bila Hodi

Wenzangu waliondoka Omurushaka kwenda kupigana. Mimi, niseme kweli, nilikwenda kumtafuta shangazi. Ilikuwa mwanzoni mwa 1979, vita na Uganda vimepamba moto. Shangazi Koku aliishi peke yake kwenye kisiwa kidogo cha Mto Kagera, na tangu askari wa adui waonekane pale, hakuna aliyejua kama alitoka. Walipotakiwa mgambo wa kukikomboa kisiwa hicho, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Jioni lori lilitushusha Bugomora, tukalala migombani. Alfajiri tukaingia kwenye mitumbwi. Ukungu ulikuwa mzito. Adui nilimwogopa, lakini niliogopa zaidi kumkuta shangazi amekufa.

Tulipogusa nchi kavu tulijitupa kwenye matope, tukatambaa kati ya mafunjo hadi uani kwake. Kimya! Hata risasi moja haikulia. Mbuzi alitutazama, akaendelea kula majani.

"Yaani tumelowa bure!" alisema kamanda wetu, Mnyamwezi mmoja mwenye utani.

Jua lilipochomoza niliingia ndani. Vyungu vipo, mkeka upo, jembe lipo. Lakini msumari wa karibu na mlango ulikuwa mtupu. Hapo hutundikwa kijikapu cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa kila mgeni kwetu kabla ya mazungumzo.

"Afande, shangazi yangu mzima!" nilipiga kelele.

"Umejuaje?"

"Kijikapu chake cha wageni hakipo. Askari angechukua mbuzi, afande. Kile kakichukua mwenyewe."

Akacheka sana. "Haya, ukimpata mpe salamu zangu."

Tuliporuhusiwa kurudi, nilipitia Songambele kwa binamu zangu. Nikamkuta uani, anamenya ndizi. Machozi yakanitoka, wala sikuona haya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona matope hivyo?"

Nikamsimulia yote. Akasikiliza huku kisu kimesimama mkononi.

"Kwa hiyo mliingia kwangu bila hodi?"

"Tulidhani kuna adui, shangazi."

"Na mlango uliufunga?"

Nikaanza kujipangusa matope. Akaguna, akaingia ndani, akarudi na kile kijikapu, akanimiminia kahawa kiganjani.

"Tafuna. Sasa ndiyo umekaribishwa. Kukitulia utanivusha, nikamwone mbuzi wangu."

Nikatafuna. Tangu siku hiyo napiga hodi hata kwenye nyumba tupu.