Jina Nililolifuta Kabla Halijarithiwa

Kama unataka kucheka, cheka kabisa sasa, ukimaliza nikusimulie. Sikuwa nimelewa, wala homa sikuwa nayo. Uchovu nilikuwa nao, huo sikatai.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoingia kila kona, hata kompyuta zilizochoka huko kwao. Moja ilifika Newala, nikakabidhiwa niitunze. Sisi wa redio za ridhaa, tunaozungumza hewani kwa kupenda tu, tukimsikia mtu wa mbali tunaiandikia kompyuta: fulani anasikika, masafa fulani. Yenyewe inawatangazia wenzetu wote, mmoja mmoja kwa orodha yake, kila jina lijibu kwamba limepata. Kazi ndogo, lakini programu ile ilikuwa ikigoma kila kukicha. Naizima, naiwasha, nasoma makosa yake mpaka macho yanauma.

Mwenzangu wa Lisekese, kule Masasi, Baba Zainabu, akafariki. Tulijuana kwa sauti tu, na mazikoni sikufika, mvua ilikata barabara. Jina lake halisi, ambalo sitalitaja, likabaki kwenye orodha. Kila mzunguko kompyuta inalisubiri lijibu, halijibu, inakwama. Wiki ya tatu nikachoka, nikalifuta.

Wewe wa huku kwetu najua umeshashtuka. Jina la marehemu halitupwi. Linangoja ndugu wakae, mpwa wake arithishwe. Nilijua vizuri sana. Nikajiambia, hii ni mashine, si ukoo.

Kesho yake, jua la utosi, mzee mmoja akaingia chumba cha mitambo, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Akakaa. "Nimetoka Masasi kwa miguu. Kule nimebisha, hawanijui. Na wewe hunijui?"

Sauti ile! Niliisikia redioni kila asubuhi kwa miaka sita, ningeikosea vipi? Nikageuka kumchotea maji, na maji ya Newala unajua yalivyo adimu. Kugeuka tena, kiti kitupu, na sakafuni hata chembe ya vumbi hakuna.

Nikakimbilia kulirudisha jina. Kompyuta ikakataa: jina hili lina mtu tayari. Nikaipitia orodha yote. Halimo. Nilirudia mpaka jenereta ikaishiwa mafuta.

Siku ya kurithisha nilikwenda Lisekese. Mpwa, mtu mzima mwenye watoto wake, alikalishwa mkekani. Dada wa marehemu akaliita lile jina. Kabla mpwa hajafungua kinywa, mimi nikaitika, "Naam."

Watu wakanigeukia. "Wewe ni nani, baba?" akauliza yule mama. Nilitaka kumtajia jina langu. Halikuja.

Mpwa hakupewa, wenyewe walisema limeshapata pa kukaa. Mpaka leo mke wangu akiniita sisikii, hadi aniguse bega. Likitajwa la yule, hata sokoni, miguu inasimama yenyewe. Nimechoka, ndugu yangu. Nawe unayetunza orodha za watu, iwe ya chama, ya msikiti au ya kanisa, usimfute aliyekufa kabla hujawauliza wenye jina wamempa nani. Mimi sikuuliza, na mama yangu mzazi alikufa akiniita.