Bastola Yangu Ilivyonyamaza Mbele ya Watu

Nanunua na kuuza ng'ombe hapa Mutomo, na nina leseni ya bastola ndogo. Nyumbani nilikuwa nikifanya mazoezi kwa kuvuta triga bila risasi, nikiamini chuma hakichoki.

Juzi sisi wenye bastola tuliitwa kupimwa shabaha kabla leseni zetu hazijafanywa upya. Nikalenga, nikavuta. Ta! Risasi haikutoka. Nikaweka nyingine, ikawa vilevile. Mkufunzi, mama mmoja mpole, akaifungua bastola.

“Mzee, huwa unaifyatua ikiwa tupu?”

“Labda mara moja, madam.”

Akanionyesha pini inayogonga risasi. Ncha ilikuwa imebonyea. “Bastola nyingine huvumilia. Hii yako ikikosa risasi, pini inagonga chuma. Mara moja haiwezi kuiharibu hivi.”

Wenzangu wote walikuwa wamesogea karibu, wakisikiliza.

“Kila jioni,” nikasema, “tangu Krismasi.”