Mkono wa Kushoto wa Bi Hakika

Bi Hakika alivunjika kifundo cha mkono wa kulia Jumatatu asubuhi, kwenye ngazi za ofisini, akiwa amebeba chupa ya chai. Chupa haikuvunjika. Kila alipohadithia mkasa huo alianza na chupa, kana kwamba mkono una vipuri dukani.

Jina hilo si la kuzaliwa. Wenzake walimbandika kwa sababu hakuna jambo aliloliacha lipite bila kuuliza, "Una hakika?" Aliingia kazini miaka thelathini nyuma akiwa mpiga taipu. Mashine za taipu zilipoondoka, yeye hakuondoka nazo. Alijifunza kompyuta kwa kuchungulia mabegani mwa watu, kisha kwa vitabu, mpaka akawa nguzo ya kampuni moja ndogo ya watu watano. Kampuni hiyo ilitengeneza programu ya maabara, ile inayopokea majibu ya vipimo na kuyachapa ili daktari ayasome. Kliniki tisa ziliitumia, na kila moja ilikuwa na seva yake, yaani ile kompyuta mama inayohudumia nyingine zote za jengo.

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, mwandishi wa programu, kijana waliyemwita Mrefu, alibonyeza amri moja tu. Hati yake ya kompyuta, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, ikakusanya vipande vyote na kutoa toleo jipya. Hati ikaishia hapo, na Bi Hakika akaanzia hapo. Alifungua seva ya kwanza, akaandika nywila, yaani neno lake la siri, akapeleka faili moja baada ya nyingine, akalinganisha ukubwa wake, kisha akapiga simu: "Haya, jaribuni." Akahamia ya pili. Alipomaliza ya tisa ilikuwa saa kumi na moja jioni, na shingo imekauka kama ubao. Kwa miaka sita hakuwahi kukosea.

Sasa mkono ulikuwa ndani ya plasta, wiki sita kamili.

"Usijali, mama," alisema Mrefu. "Kuhamisha faili ni kazi ya kufanya hata usingizini. Niachie."

Akaachiwa. Alhamisi hiyo hiyo, kabla jua halijashuka, kliniki ya nne ilikuwa inachapa majibu yenye jina na nembo ya kliniki ya saba. Majibu yenyewe yalikuwa sahihi na hakuna mgonjwa aliyedhurika, lakini mganga mkuu wa kliniki ya nne alipiga simu kwa sauti kavu: "Naona nimehamishwa kituo. Barua yangu iko wapi?"

Walipomaliza kurekebisha, Mrefu alishika kichwa. "Mama, nimekoma. Hii kazi unaifanyaje kila wiki bila kukosea?"

"Kwa hofu," alijibu Bi Hakika.

Neno lilimtoka kabla hajalipima, na lilimsumbua njia nzima. Miaka yote sita alijiita mwangalifu. Kumbe kila Alhamisi moyo ulikuwa unamwenda mbio, naye akauzoea mwendo huo kama mtu anavyozoea kelele za jirani.

Kesho yake aliwahi ofisini, akafungua hati ya Mrefu, akashuka hadi mstari wa mwisho, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto akaanza kuiendeleza. Alitaka hati ikishajenga programu, iende yenyewe ikaifikishe kwenye seva zote tisa. Aliandika kwa mwendo wa kinyonga, lakini mwendo huo ulimpa nafasi ya kuwaza kila neno kabla halijafika kwenye kioo.

Siku ya tatu alirudi nyumbani anang'aa. Mumewe alikuwa fundi kufuli, na kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba. Alimkuta anapiga tupa ufunguo.

"Baba Pacha, imeanza kukubali. Nimeiandikia nywila zote tisa, sasa inaingia yenyewe."

Mzee alipuliza vumbi la shaba. "Na hiyo hati inakaa wapi?"

"Kwenye kompyuta ya ofisi. Mrefu ana nakala. Na wale wengine."

"Kwa hiyo, Mama Pacha, umefunga mlango vizuri, halafu ukaning'iniza funguo kwenye kitasa."

Bi Hakika alinuna kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akakumbuka jambo alilowahi kulisoma: kwamba badala ya nywila, mtu anaweza kutengeneza jozi. Nusu moja ya siri unabaki nayo, haitoki kwako kamwe. Nusu ya pili unaipa seva, na hata mwizi akiiona hana la kufanya nayo.

"Ni kama kupeleka kufuli kliniki," alimweleza mumewe, "na ufunguo nikabaki nao mimi."

"Sasa tunaongea lugha moja. Ila ufunguo huo usifungue kila chumba."

Hilo nalo alilichukua. Alifuta nywila zote kwenye hati na kuzibadilisha kwenye seva, maana siri iliyokwisha kuonekana si siri tena. Akatengeneza ufunguo unaoingia kwenye chumba kimoja tu cha kila seva, kile cha kupokelea programu. Akaiagiza hati iweke faili mpya pembeni, ihakikishe zimefika bila kupungua hata herufi, ndipo ibadilishe toleo. Toleo la zamani libaki palepale, ili mambo yakiharibika lirudishwe. Na ikikwama popote, isimame na kusema.

Alhamisi ya nne ya plasta, wenzake wote wanne walisimama nyuma ya kiti chake. Alibonyeza kwa kidole cha kushoto. Kliniki ya kwanza: tayari. Ya pili: tayari. Mpaka ya saba, bila kikwazo. Halafu ukatokea mstari alioutunga mwenyewe akidhani hautasomwa kamwe: *Simtambui huyu. Nimesimama.*

Kila seva ina alama yake ya utambulisho, na alama ya kliniki ya nane haikuwa ile aliyoiweka kwenye kumbukumbu.

"Ilazimishe tu ikubali, mama," alisema Mrefu. "Hao si wageni, tunawajua."

"Una hakika?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alivuta simu akampigia msimamizi wa maabara wa kliniki ya nane.

"Aa, Bi Hakika! Jana tumewekewa mashine mpya, ile ya zamani iliungua. Tukasahau kuwaambia, samahani sana."

"Pole kwa mashine, baba. Kaa mbele yake, nikuelekeze pa kuifungua alama yake, kisha unisomee."

"Yote? Mbona ndefu?"

"Yote."

Msimamizi alisoma herufi kwa herufi, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa, na Bi Hakika akafuatisha kwa ncha ya kalamu ile alama iliyotokea kwenye kioo chake. Hakuna hata moja iliyopishana. Akaisajili alama mpya, akamtumia msimamizi ile nusu ya jozi isiyo ya siri ili aiweke kwenye mashine yake, kisha akabonyeza tena. Ya nane: tayari. Ya tisa: tayari.

Mrefu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

"Sasa tutafanya nini mpaka jioni?" aliuliza.

Bi Hakika alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Mkamwana wake, aliyekuwa anaanua nguo uani, alishtuka kumwona akiingia jua likiwa bado kali. "Mama, kuna nini? Wamekufukuza kazi?"

"Nimejifukuza mwenyewe," alisema, akaketi kizingitini akicheka mpaka mkamwana naye akacheka bila kujua sababu.

Wiki sita zilipotimia plasta ilitolewa. Daktari alimwambia auzoeshe mkono kwa kazi ndogondogo, kwa hiyo Alhamisi alasiri siku hizi utamkuta kibandani na tupa mkononi, mumewe akimwelekeza. Funguo tatu za kwanza alizochonga hazikufungua chochote duniani. Wa nne ulifungua kabati la mkamwana, ambaye hakuwa ameomba.