Simu Ilitaka Mama Aseme Lala

Simu ilipoingia mfukoni mwangu ilifukuza vitu vingi bila kelele: saa ya mkononi, tochi, kalenda ya ukutani, na mwisho kale ka-MP3 kadogo nilikokuwa nakavaa shingoni nikikata vitambaa. Nashona sare za shule pale Kimbo, Ruiru, na kazi ya kukata haitaki fikira nyingi, inataka muziki. MP3 ilikuwa haijui mambo ya watu. Ilicheza wimbo mpaka ukaisha, ikaanza mwingine. Simu nayo, kwaya ikiwa imepamba moto, mara mzazi anapiga kuuliza sweta ya mtoto, mara kikundi cha kanisa kinalia, mara tangazo la mtu anayetaka kuniuzia ploti. Lakini nilizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana. MP3 ikaingia kwenye mkebe wa vifungo na sindano, na sikuikumbuka tena.

Kwa hiyo redio ya mama ilipokufa, sikudhani litakuwa jambo kubwa.

Mama anakaa Thika, mtaa wa Makongeni, kwenye ploti yenye majirani wengi na kamba moja ya kuanikia nguo. Presha ya macho ilimwibia macho polepole. Anaona mwanga na kivuli, anajua kama mlango uko wazi, lakini uso wangu anausoma kwa mkono. Ananiita maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu. Mimi namwita mami. Ukitusikia kwa mbali tukibishana, huwezi kujua ni nani alimzaa mwenzake.

Redio yake ilikuwa ya plastiki nyekundu, ile ndogo ya kuwekwa memori kadi, na haikuwa na kazi nyingine ila kucheza nyimbo. Ilikuwa na vifungo vitatu vilivyoinuka vizuri: cha kwenda mbele, cha kurudi nyuma, na cha kuzima. Niliipenda redio ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, kwa sababu mtu asiyeona huchaguliwa kila kitu. Anachaguliwa leso ya kujifunga, anachaguliwa kiti, anapakuliwa chakula bila kuulizwa. Nimewaona wageni wakimuuliza aliye kando yake, "Atakunywa chai?", na yeye ameketi hapo hapo na mdomo wake. Lakini akiishika redio, ndiye aliyekuwa anaamua. Huu hapana, twende mbele. Huu sawa, uache. Fundi alipoifungua na kusema hapa hakuna kitu cha kutengenezwa, niliogopa. Niliona mama anaelekea kubaki bila jambo hata moja la kuamua mwenyewe.

Ndugu yangu anaishi Mwihoko, na anaamini hakuna shida duniani isiyo na dawa ndani ya simu.

"Redio ya nini siku hizi?" aliniambia. "Mpe simu. Ataongea nayo tu, imcheze anachotaka."

Nikatoa simu yangu ya zamani, ile yenye kioo cha nyufa, naye akaitengeneza. Unabonyeza kitufe cha kando, unangoja ilie ting, unasema, inacheza. Jumapili moja baada ya ibada tulimpelekea. Mama aliipapasa mbele na nyuma.

"Haina vifungo," alisema. "Ni kama nimeshika sahani."

"Kifungo ni mdomo wako, mami," ndugu yangu alimjibu, na niliona jinsi lile jibu lilivyompendeza mwenyewe.

Sasa, mdomo wa mama ni mdomo wa Kikuyu, na Kikuyu hakina l. Sisi tuliosomea mjini tulichekwa shuleni mpaka tukaitenganisha l na r, na bado tukikasirika zinarudi kuchanganyika. Mama hakuwahi kuona haja ya kujisumbua. Maisha yake yote amekula wari, amepanda rori, na usiku amerara, na hakuna mtu wa Thika aliyewahi kumuuliza ana maana gani. Wa kwanza kumuuliza alikuwa simu.

Wiki ile ile, mchana, alitaka kujinyoosha kitandani, akaiomba imtafutie nyimbo za kurara. Simu ikasikia kura. Ikamletea mwanasiasa akiomba kura kwa sauti ya kupasua bati, umati unapiga mbinja, na mama hajui pa kuizimia. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja anayeuza chapati, alikuja mbio na unga mikononi.

"Shosho! Umeanza kampeni? Unasimama kiti gani?"

"Mimi nataka kurara tu," mama alimwambia.

Jirani alinipigia simu kunisimulia, na nilicheka mpaka nikaweka mkasi chini. Mama mwenyewe alicheka. Nilipomtembelea Jumamosi tukafanya mchezo.

"Mami, sema lala."

"Rara."

"Weka ulimi nyuma ya meno ya mbele."

"Meno gani?" aliuliza. Kweli, ya mbele yalikuwa yamebaki ya kuhesabika.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa, na fundi wa sare hana ndugu wakati huo. Nilikuwa nampigia jioni, namuuliza kama amekula, ananijibu amekula, basi. Nilimsikia akijibu kwa ufupi nikadhani ni kuchoka. Nilipopata nafasi ya kwenda Makongeni, alinisikia nikivua viatu mlangoni.

"Kalibu, maitu," alisema polepole, kama mtangazaji wa habari. "Habali ya Luilu?"

Nilisimama na kiatu kimoja mkononi. Luilu! Ruiru ni neno letu. Ni mto wetu na ni lugha yetu, na mama amelitamka sawasawa tangu azaliwe, kuliko hata watu wa benki na serikali. Lakini alikuwa amejifundisha l peke yake, kwa bidii, mchana kutwa, na kama kila mtu wa kwetu anayejitahidi kupita kiasi, alikuwa ameikamata l akaitia kila mahali, penye haki na pasipo haki. R zake zote zilikuwa zimehama.

"Mami, kwa nini unaongea hivyo?"

"Simu inataka hivyo," alisema. "Siku hizi nikisema kulala inanisikia. Sikiliza." Akabonyeza, ikalia ting. "Nyimbo za kulala." Na kweli, ikatoka kinanda laini. Akageuza uso upande wangu akingoja nimsifu.

Nilimsifu, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Niliikasirikia simu, nikamkasirikia ndugu yangu, nikakasirikia hata ule ufa wa kioo. Mwanamke wa umri ule, aliyelea watoto kwa ulimi wake na kuwazika watu wake kwa ulimi wake, sasa anarekebishwa na kitu nilichowahi kukiangusha kwenye sinki! Jirani aliniambia kwamba siku hizi hata kwenye maombi ya akina mama anafikiria kwanza kabla ya kusema amina, na amina yenyewe haina l wala r. Nilicheka kwa mdomo tu.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia sokoni, kwa kijana anayeuza vitu vya umeme, nikaulizia redio ndogo ya memori kadi. Alikuwa nazo bado, nikachagua yenye vifungo vilivyoinuka zaidi. Wiki nzima jioni nilikuwa najaza kadi: nyimbo za kitabu cha kanisa, kwaya anazozipenda, na chache za kumchangamsha. Nilizipanga vizuri, za asubuhi mwanzo, za kupumzika mwisho. Ndugu yangu alipopata habari alinipigia.

"Unamrudisha mama nyuma," alisema.

"Namrudishia ulimi wake," nilimwambia, nikakata. Naye akome kujipendeza kwa majibu.

Nilimpelekea siku ya katikati ya wiki, jua limeingia mlangoni mpaka miguuni pake. Nikamwekea redio mapajani. Vidole vyake vilivipata vifungo bila kutafuta. Mbele, nyuma, kuzima. Alitabasamu, na nikajiona nimeshinda.

"Haiya, hii ni kama ile yangu."

"Ni kama ile yako, mami. Hapa hakuna mtu wa kukuambia sema hivi au vile."

Akabonyeza mbele. Wimbo wa kanisa. Akabonyeza tena. Kwaya. Akaenda mbele mara kadhaa, akisikiliza mwanzo wa kila wimbo kwa adabu, kisha akazima.

"Nani ameweka hizi nyimbo?"

"Ni mimi."

"Na za ile nyingine nani aliweka?"

Nikafikiri. "Ndugu yangu. Na yule kijana wa steji ya matatu anayewajazia watu kadi aliongeza zake."

"Eee," alisema. Akainyoosha redio mbele yake mpaka ikagusa mkono wangu. "Basi hii ni yako, maitu. Ni nzuli. Ile ya kwanza nayo ilikuwa yenu."

Nikaipokea. Nikamwambia, lakini ulikuwa unachagua, nilikuwa nakuona ukichagua. Akaniambia ndiyo, kama mgeni anavyochagua. Mgeni huchagua kilichopakuliwa. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda dukani.

Kisha akapapasa chini ya mto, akatoa simu.

"Kuna wimbo nautafuta," alisema. "Tangu mlipoileta hii. Huwa hainisikii vizuli, ina neno gumu."

"Wimbo gani? Niambie nikuandikie."

"Wacha."

Akabonyeza. Ting. Akajiweka sawa kitini.

"Wimbo wa zamani wa gitaa. Wa deleva wa loli."

Simu ikafikiria, ikasikia lolipop, ikatuletea watoto wanaoimba kuhusu peremende. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kioo. Mimi ni mtu wa haraka, mteja akichelewa kufunga kifungo namfungia. Mama alihisi kivuli cha mkono wangu, akaisogeza simu upande wa pili.

Ting. "Wa dereva wa rori."

Mwanamke wa ndani ya simu akasema hajaelewa, ajaribu tena.

Hapo ndipo nilielewa ule ulimi wote wa polepole ulikuwa wa nini. Nyimbo za kulala zilikuwa mazoezi tu. Alitaka kufika hapa, kwenye maneno haya mawili ambayo ni mtego kwa mtu wa kwetu, kwa kuwa ukiokoa r ya kwanza unaanguka kwenye l, na ukiishika l vizuri inaiburuta r ya mwisho. Nami nilikuwa nimemletea nyimbo nilizompangia, za asubuhi mwanzo, za kupumzika mwisho. Niliona aibu, na niliikalia mikono yangu yote miwili.

Alilamba midomo. Alisema kwanza bila kubonyeza, chini chini, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Dereva. Lo. Ri. Kisha akabonyeza.

"Wa dereva wa lori."

Gitaa likaanza. Lilikuwa gitaa kavu la zamani, lenye mkwaruzo, na sauti ya mwanamume inayoimba Kiswahili cha miaka ile, akimwahidi msichana kwamba safari ni moja tu, akishusha mzigo anarudi. Sijawahi kuusikia wimbo ule nyumbani kwetu. Haukuwahi kuwa kwenye redio yoyote tuliyomnunulia, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angeufikiria. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, karibu na kifua, na mguu wake wenye jua ukaanza kupiga sakafu.

Baba yangu alikuwa mpishi wa shule. Hakuwahi kuendesha kitu chenye magurudumu, hata baiskeli.

Swali lilinifika mdomoni, likarudi. Wimbo uliisha. Mama aligeuza macho mlangoni penye mwanga, kisha akabonyeza tena.

"Rudia," aliiambia simu. Mimi hakuniambia kitu.